Tatu, Funga

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nililetewa kazini na mgeni wa kampuni ya dawa. Jalada lina picha ya figo mbili zinazotabasamu. Nilitaka kulitupa, lakini leo nina maneno ambayo nikiyasema nyumbani yatazua vita, basi figo zitanisikiliza.

Mvua ya juzi imeingia kwenye chumba alichopanga wifi yangu, dada wa mume wangu, mpaka godoro likaelea. Amehamia kwetu na cherehani yake, mafurushi manne ya vitambaa, na pua yake. Pua hiyo naijua tangu siku ya harusi yangu, ilipodondosha damu kwenye shela langu kabla hata sijapigwa picha. Ni fundi mzuri, ana miaka thelathini na minne, hana mume wala mtoto. Damu humtoka puani kama bomba ambalo halijakazwa. Ukoo wao mzima ndivyo ulivyo. Mume wangu hatoki bila leso mbili, na wanajisifia kabisa: "Sisi damu yetu nyepesi." Marehemu mama mkwe naye alikuwa hivyohivyo, mpaka alipoanguka jikoni akafa, wakasema presha.

"Wifi, sitakaa sana," aliniambia mlangoni, pamba ikiwa puani.

"Kaa tu wifi, hapa ni kwako."

Uongo mtupu.

Alhamisi, 6 Machi

Foronya nyeupe. Zote mbili. Siandiki zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Nimekuta madonge kwenye sinki, pale pale ninapopigia mswaki. Nimemtengea beseni lake, taulo lake jekundu na kikombe chake. Mume wangu amenuna. Mwache anune, si yeye anayesugua.

Na yule mtu analala! Anashona nusu saa, kisha anajinyoosha kwenye kochi, anasema akiwa amekaa pumzi inambana, akilala anapata nafuu. Uvivu wa aina hiyo sijawahi kuusikia. Hata rangi ya mdomo anapaka vibaya, vidoti vidoti vyekundu. Nilimwambia afute kabla wateja hawajaja.

"Haifutiki wifi. Si rangi. Mama alikuwa navyo pia, hata kwenye ulimi."

Nikatazama pembeni. Kuna mambo mtu hafai kuonyeshwa kabla ya chai.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu amempigia mume wangu simu: binti yetu ametokwa damu puani darasani. Nimemgombeza mtoto. Ana miaka kumi na bado anachokonoa pua.

Kazini dari linavuja juu ya mashine. Tumeweka ndoo. Kazi yangu ni kupiga picha za moyo kwa ultrasound, mwaka wa kumi na moja sasa, kwenye chumba kinachonuka ukungu, jeli na soksi za watu. Mkuu wetu ni daktari tunayemwita Bingwa, na jina hilo halimkeri hata kidogo. Bingwa huchokoa meno kwa kifuniko cha kalamu, kisha anakuazima kalamu.

Ndiye aliyetufundisha "tatu, funga". Hiyo ni amri ya kipimo cha mapovu. Mtu akipata kiharusi bila sababu ya kueleweka, tunatafuta kama moyo wake una tundu. Sista anachanganya maji ya chumvi na hewa kidogo kwa kuyasukuma huku na huku kati ya mabomba mawili ya sindano mpaka yanakuwa mapovu madogo kabisa, anayaingiza kwenye mshipa wa mkono, na mimi natazama. Upande wa kulia wa moyo unajaa weupe. Kama kuna tundu, mapovu yatavuka kushoto ndani ya mapigo matatu. Yasipovuka, unabonyeza kitufe, unafunga, anaingia mwingine. "Foleni ni ndefu na mashine imejaa," Bingwa husema. "Tatu, funga." Tumeizoea kiasi kwamba Sista huiimba.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimetoka hospitali kwa mlango wa wagonjwa badala ya ule wa wafanyakazi.

Saa nne asubuhi nilikuwa nyumbani, zamu yangu ya mapumziko. Wifi alikuwa anakata kitambaa cha sare mezani. Nilisikia mkasi ukianguka. Nikasema kutoka jikoni, "Wifi, hiyo sakafu ina vigae!" Kimya. Nikatoka nimekunja uso, tayari kwa ugomvi. Nikamkuta anautazama mkono wake wa kulia kana kwamba umewekwa pale na mtu mwingine. Mdomo ulikuwa umeshuka upande mmoja, udenda unatiririka, na puani damu, kama kawaida yake.

Najua kiharusi. Kila siku nakutana na watu wanaotoka humo. Lakini nitaandika ukweli hapa, kwa kuwa figo hizi hazina mdomo: kitu cha kwanza nilichofanya ni kuvuta kitambaa cha mteja kisichafuke. Kisha ndipo nikamshika.

Hana presha. Hana sukari. Picha ya kichwa imeonyesha sehemu ya ubongo iliyokosa damu. Kuna donge lilisafiri likaziba mshipa. Limetoka wapi, hakuna anayejua.

Mume wangu amekaa kwenye benchi la korido, leso puani, akirudia, "Dada yangu hata chumvi hali."

Alhamisi, 20 Machi

Bingwa aliagiza kipimo cha mapovu. Ningeweza kumwachia mwenzangu, lakini yuko likizo, na nilitaka kuonyesha kwamba kazi ni kazi.

Kidole cha wifi kilikuwa kwenye kile kibanio cha kupimia oksijeni. Kilisoma themanini na nane, wakati mtu mwenye afya husoma tisini na tano au zaidi. Sista akacheka: "Hiyo rangi ya kucha, inaidanganya mashine." Kweli kucha zake zilikuwa na rangi nyekundu iliyoiva. Tukaendelea.

Sista akaingiza mapovu. Kulia kukajaa. Moja, mbili, tatu. Kushoto kweusi, safi. Nikabonyeza. Nikamfuta jeli kwa karatasi, nikijitahidi nisiiguse shingo yake, kwa kuwa damu ya pua ilikuwa imekaukia pale. Nikaandika: Hakuna tundu. Hakuna mapovu upande wa kushoto.

Jumatatu, 24 Machi

Wameturuhusu na aspirini.

"Mawazo," Bingwa alisema, kifuniko cha kalamu kikiwa kati ya magego. "Mwanamke wa umri huu hana mume, mawazo yanamjaa. Mtafutieni mtu."

Wifi alikuwa amekaa palepale, anasikia kila neno, mdomo haujamrudi vizuri kumjibu. Nilitazama mate kwenye kile kifuniko. Lakini sikufungua mdomo, na wangu haukuwa na ugonjwa wowote.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua siku ya tano. Nguo hazikauki, nyumba inanuka kama mbwa. Tangu aanze aspirini damu imezidi. Sasa anatumia taulo zima. Ukuta wa bafu una matone mpaka juu, sijui alipigaje chafya.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo nimemwambia jambo baya. Alikuwa amelala chali kwenye kochi, beseni kifuani, na wageni wangu wawili wakaingia. Walipoondoka nikamwambia, "Wifi, hata wanyama hujificha wakitokwa na damu."

Mume wangu aliweka kikombe chini, akatoka mvuani bila mwavuli.

Wifi alifikiri kidogo, maana maneno bado humjia polepole. "Ni kweli," akasema. "Lakini wanyama hawana wifi wa kuwafulia." Na akacheka, upande mmoja.

Alhamisi, 10 Aprili

Kiharusi kimerudi. Wakati wa chakula cha mchana wifi alianza kusema kitu kwa binti yangu, yakatoka maneno yasiyo maneno. Nusu saa nzima. Binti alimshika mkono, akawa anamjibu kana kwamba anaelewa: "Ndiyo shangazi. Sawa shangazi." Sasa yuko wodini. Mdomo umerudi, lakini daktari wa zamu ametuambia wazi: hiki ni cha pili, cha tatu kinaweza kumchukua. Na sababu bado haijulikani.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeandika na kuchana kurasa mbili. Naanza upya, kwa utaratibu.

Asubuhi nilimpelekea chai kabla ya zamu. Kibanio kilikuwa kidoleni. Amelala: tisini na nne. Nikamwinua akae anywe. Kabla hajameza funda la pili mashine ikalia: themanini na tano. Sista wa wodi akaipiga kofi. "Mashine mbovu hii." Nikakitia kidole changu: tisini na nane. Nikamrudishia wifi. Kucha zake zilikuwa tupu. Tangu mkono ulegee hajapaka rangi.

"Lala, wifi." Tisini na tatu. "Kaa." Themanini na tano.

"Wifi, mimi si mtoto wa kuchezewa kaa-lala," akasema.

Nilibaki nimesimama na kikombe. Ndipo nilipomsikia mwalimu wetu wa chuo, mama mmoja mkali aliyetuambia tusimsahau mtu anayepumua vizuri akilala kuliko akikaa, kwa sababu ni wachache na huwa hawaaminiwi. Akikaa, damu hushukia sehemu ya chini ya mapafu. Na kama huko chini kuna mshipa usio wa kawaida, damu nyingi zaidi hupita humo bila kuchukua hewa.

Mapafu ni chujio. Damu chafu huingia, hupita kwenye mishipa myembamba kama nywele, na humo ndimo inamochukua hewa, na humo ndimo madonge madogo ya damu hunaswa kabla ya kufika kichwani. Lakini wapo watu wanaozaliwa na hitilafu ya mishipa, na katika mapafu yao mshipa mnene unaoleta damu hufunguka moja kwa moja kwenye mshipa unaoirudisha moyoni. Chujio limetoboka. Chochote kilichomo kinapita, mpaka kwenye ubongo. Na watu hao, alisema yule mama, hutokwa na damu puani. Wana vidoti vyekundu midomoni na kwenye ulimi. Hurithishana.

Pua. Vidoti. Kochi. Vyote nilivitazama wiki sita nzima, na kila kimoja nilikipatia jina lake: uchafu, urembo mbaya, uvivu.

Nikashuka chumbani kwangu, nikafungua picha ya tarehe ishirini. Kulia kumejaa. Moja. Mbili. Tatu. Halafu hakuna kitu, kwa sababu nilifunga. Mapovu yanayopita kwenye mapafu huchelewa; huja pigo la nne, la tano, hata la sita. Sikuwaona wageni kwa kuwa nilifunga mlango kabla hawajafika, kisha nikaandika kwa mkono wangu kwamba hakuna aliyekuja.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, na guu lililovunjika ni la mwenzangu. Nilitapika kwenye ndoo ya dari.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilimwomba Bingwa ruhusa ya kurudia kipimo.

"Kimeshafanyika. Ulikifanya wewe."

"Nilifunga mapema, daktari."

"Ulifunga kwenye tatu. Ndivyo inavyofungwa." Akanipa kalamu nitie sahihi kitu kingine. Sikuipokea. Nilitoa yangu.

Jumanne, 15 Aprili

Mimi na Sista tulisubiri Bingwa aende kula. Nikamwendea daktari wa zamu, nikamweleza yote, akasaini karatasi bila maneno mengi. Sista aligeuka kuutazama mlango kila mara. "Dada, tukifukuzwa mimi nitauza nini?" Lakini alichanganya mapovu.

Kulia kukajaa. Moja. Mbili. Tatu. Kidole changu kikaenda chenyewe kwenye kitufe. Wallahi, kilijiendea, miaka kumi na moja kimefundishwa. Nikakiweka chini ya paja nikakikalia.

Nne.

Tano, na upande wa kushoto ukaanza kuwa mweupe. Si povu moja wala mawili. Wale wageni walimiminika, wakajaa chumba kizima cha moyo, na hawakutokea kwenye ukuta wa katikati kama kungekuwa na tundu. Walitokea nyuma, kwenye mishipa inayotoka mapafuni.

"Yesu wangu," Sista alisema. "Hawa walikuwa wapi siku ile?"

"Njiani," nikamwambia.

Alhamisi, 17 Aprili

Bingwa aliitazama picha mara tatu. Sitamsingizia: alielewa upesi, na uso ulimshuka. Akaagiza picha ya CT ya kifua mara moja, akasimamisha aspirini mpaka watakaomtibu waamue. Kisha akafunga mlango.

"Vizuri sana. Sasa ile ya kwanza ifute. Tutabaki na hii. Mgonjwa ni ndugu yako, hamtashtaki mtu. Kila mmoja anafaidika."

Alisema kwa upole, ndicho kilichonitia kinyaa zaidi. Nilidhani nimeshajua kinyaa ni nini, kumbe nilikuwa nakipoteza bure kwenye foronya.

"Daktari, tumefunga kwenye tatu kwa watu wangapi?"

Akachukua kalamu anipe, akakumbuka kwamba siipokei, akairudisha mezani.

Sikufuta. Niliandika chini ya ripoti ya kwanza: Kipimo hiki kilifungwa mapema, jibu lake si sahihi. Aliyepima ni mimi. Nikapeleka nakala kwa mganga mkuu. Nikaomba vipimo vyote vya mapovu vya idara yetu vilivyoandikwa "hakuna" vitafutwe, watu waitwe. Mchana nimehamishiwa chumba cha mafaili. Kuna panya.

Jumamosi, 19 Aprili

Jibu la CT: katika sehemu ya chini ya pafu la kulia kuna fundo la mishipa lenye ukubwa wa zabibu, na jingine dogo kushoto. Yanazibika. Katika hospitali ya rufaa wataingiza mpira mwembamba kwenye mshipa wa kinena, waufikishe mpaka pafuni, waache humo visokoto vya waya vya kuziba njia. Hapasuliwi.

Nimemweleza wifi yote. Nilikuwa nimejiandaa kulia, nikaishia kusema kama ninayesoma ripoti. Nilimwambia kuwa nilifunga, kuwa wiki tatu alimeza dawa ya kuongeza damu puani huku mimi nikimhesabia foronya, na kuwa kiharusi cha pili kingeweza kuwa cha mwisho.

Alikunja pembe ya shuka kwa mkono wa kushoto, akaikunjua.

"Wewe wifi," akasema mwishowe, "uliniona mchafu."

"Ndiyo."

"Hata sasa?"

Nikataka kusema hapana. "Sasa najiona mimi."

"Basi tuko wawili kwenye beseni moja," akasema, akageukia ukutani. Sikujua kama amenisamehe au amechoka. Sikuuliza.

Jumanne, 29 Aprili

Wamemziba. Amekaa kitandani, ameketi wima kabisa, na kibanio kinasoma tisini na sita. Kila mhudumu akipita, wifi anamwonyesha kidole chenye kibanio.

Jumapili, 4 Mei

Pua bado inatoka damu. Waliniambia itaendelea, ni ya kuzaliwa nayo. Nimefua foronya kwa maji baridi na chumvi. Maji ya moto huifanya damu ing'ang'anie. Wifi ndiye aliyenifundisha leo, baada ya miaka kumi na miwili ya mimi kuchemsha.

Ijumaa, 9 Mei

Mganga mkuu amenirudisha kwenye mashine. Karatasi imebandikwa ukutani: usifunge kabla ya mapigo kumi. Bingwa amesaini. Watu kumi na saba wa vipimo vya zamani wamepatikana kwa simu. Wengine wanne simu zao zilipokelewa na ndugu, na ndugu hao waliuliza, "Mnamtaka wa nini sasa?" Hizo simu nilizipiga mimi mwenyewe.

Leo nimempima mume wangu. Nilihesabu mpaka kumi na mbili. Mapafu yake ni safi, ingawa pua na vidoti anavyo. Alivaa shati huku akitabasamu. Kisha tabasamu likamwisha, kwa kuwa wote wawili tulifikiria jambo moja.

Jumatano, 14 Mei

Mvua imekatika. Dari bado linadondosha, maji ya jana.

Binti alipanda kitandani mwenyewe, akauliza kama jeli ni baridi. Ni baridi, nikamwambia. Nilimwomba mwenzangu anisaidie, akakubali, lakini mtoto akasema, "Nataka mama." Shangazi yake aliketi kichwani pake, akamshika kwa ule mkono wa kulia ambao bado hauwezi kutunga uzi kwenye sindano.

"Mimi nilishalala hapa," wifi akamwambia. "Wewe mhesabie tu mama yako, maana yeye ana haraka."

Tulicheka wote, hata Sista. Kisha Sista akasukuma.

Kulia kukajaa.

"Moja," binti akahesabu. "Mbili. Tatu." Akageuza macho kukitazama kidole changu. "Mama, usifunge."

"Sifungi."

"Nne," akasema shangazi yake.

"Tano."

Mapovu yakaja. Yalikuwa machache, manne au matano, madogo, yakielea upande wa kushoto wa moyo wa mwanangu. Tone moja la damu likamdondoka puani, likaangukia mkono wangu ulioshika mashine. Sikulifuta. Niliendelea kutazama mpaka lile povu la mwisho lilipopita.